Imani na sayansi zaweza kukaa boma moja, mradi zote zikubali kuulizwa

KATIKA kituo cha Misikhu, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Kitale, kanisa, shule na hospitali ni majirani wa tangu zamani. Waumini wa Katoliki wana parokia yao hapo, pamoja na Shule ya Upili ya Wasichana ya Holy Family na hospitali ya misheni. Lugulu, ambako si mbali na hapo, Waquaker, ambao wenyeji huwajua zaidi kwa jina la Friends, wana shule yao ya wasichana na hospitali yao pia.

Ujirani huo ndio unaolipa uzito swali ambalo limewasumbua wasomi kwa karne nyingi: je, imani ya dini na sayansi zaweza kupatana, au mja hana budi kuchagua moja na kuitupa nyingine?

Kwa mwanafunzi wa eneo hilo, swali hili halikutoka kwenye vitabu vya wanafalsafa wa Ulaya. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao sasa unaupisha mtaala mpya, msichana wa Kidato cha Kwanza alifunzwa masimulizi ya uumbaji yaliyomo katika kitabu cha Mwanzo. Alipofika Kidato cha Nne, mwalimu wa Biolojia alimfunza nadharia ya mageuko ya viumbe. Mwaka huo huo, mada ya mwisho ya Elimu ya Dini ya Kikristo ilimtaka aeleze msimamo wa Mkristo kuhusu masuala yatokanayo na sayansi na teknolojia. Masomo yote hayo yalitahiniwa na baraza lile lile la mitihani, katika shule inayofadhiliwa na kanisa.

Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa unafiki. Wengine wanausifu kuwa ni uvumilivu. Hata hivyo, mtu akiyapitia matukio ya miaka 80 hivi iliyopita katika Magharibi mwa Kenya na nchini kwa jumla, atagundua jambo ambalo pande hizo mbili hulipuuza. Ni nadra kwa vurugu kuzuka kwa sababu muumini amesikia dunia ina umri wa mabilioni ya miaka. Aghalabu huzuka pale ambapo mwenye mamlaka, awe wa madhabahu au wa maabara, anataka kuaminiwa na wakati huo huo hataki kuulizwa.

Kihistoria, wakazi wengi wa Magharibi waliipokea sayansi ya kisasa kupitia mikono ya wamisionari. Friends kutoka Marekani walipofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, waliiita misheni ya viwanda, na jina hilo lilieleza nia yao. Msumeno wa kupasulia mbao, dawa, kilimo kipya na Biblia vilikuja katika mzigo mmoja. Mzee aliyedungwa sindano kwa mara ya kwanza katika zahanati ya misheni hakuambiwa kwamba daktari na mhubiri ni mahasimu. Mara nyingine aliyemwombea ndiye aliyemtibu.

Lakini kuna sayansi nyingine iliyofika kwa mlango tofauti, nao ni mlango wa amri. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Bukusu kung'oa gugu fulani lenye asili ya Amerika Kusini ambalo wataalamu wa kilimo walisema linaharibu mashamba. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuwa mwanasoka stadi na ambaye alikuwa amekulia katika kanisa la Friends, alikataa katakata mwaka 1944. Vuguvugu aliloliongoza, Dini ya Msambwa, liliwataka watu warejee kwa Wele, Mungu wa wahenga wao, na kuzikataa amri za Mzungu.

Jibu la serikali lina funzo. Mwaka 1945 Masinde alipelekwa katika hospitali ya maradhi ya akili ya Mathari, Nairobi, akazuiliwa humo hadi mwaka 1947. Februari 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua watu 11. Vuguvugu likapigwa marufuku.

Ushauri wa kung'oa magugu huenda ulikuwa sahihi kwa mujibu wa elimu ya kilimo. Hata hivyo, ulitolewa na utawala usiojibu maswali, na pale ulipopingwa, tiba ya akili ikageuzwa kufuli ya gereza. Mkulima aliyeyaona hayo hakuwa na njia ya kuitenga elimu na mjeledi ulioisindikiza. Anayeshangaa kwa nini watu hushuku maagizo ya wataalamu hata leo, hana haja ya kutafuta sababu katika Maandiko pekee.

Barabara hiyo hiyo inayopita Misikhu huendelea hadi Kitale, mji wenye jumba la makumbusho lililoanza kama hazina ya mlowezi mmoja, kisha ikateremka hadi nchi ya Turkana. Huko, mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa visukuku aliyefanya kazi na kikosi cha Richard Leakey, alivumbua kipande cha fuvu karibu na mto Nariokotome. Uchimbaji uliofuata ulitoa kiunzi cha mifupa cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana.

Mwaka 2006, Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa kanisa la Christ is the Answer Ministries aliyekuwa akiuongoza Muungano wa Makanisa ya Kiinjilisti nchini, alipinga mpango wa kuionyesha mifupa hiyo kama ushahidi kwamba binadamu alitokana na viumbe vya awali. Alitaka mageuko yaelezwe kuwa nadharia tu. Leakey alipinga vikali, na mzozo huo ukaandikwa na magazeti ya nchi nyingi. Makavazi yalipofunguliwa upya mwaka 2008, visukuku vilikuwamo.

Mzozo huo ulikuwa mkubwa kwa maneno na mdogo kwa madhara. Hakuna aliyeumia. Wazazi waliendelea kuwapeleka watoto wao kwenye makavazi siku ya Jumamosi na kanisani siku ya Jumapili. Askofu alitoa hoja hadharani, mwanasayansi akamjibu hadharani, na mifupa ikabaki pale kwa yeyote atakaye kuiangalia. Kwa mizani hiyo, mfarakano wa 2006 ulikuwa ishara ya afya. Kila upande uliulizwa, na kila upande ukajibu.

Isitoshe, Wakristo wenyewe hawana kauli moja katika suala hilo. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka 1950 uchunguzi wa nadharia ya mageuko kuhusu mwili wa binadamu, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu. Mwaka 1996 Papa John Paul wa Pili alikiri mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vatican kwamba nadharia hiyo imepita kiwango cha kuwa dhana tu. Kwa hivyo, mwalimu wa Biolojia katika shule ya Kikatoliki ya Misikhu anapoifunza mada hiyo, hafanyi uasi wowote dhidi ya mfadhili wa shule.

Tena mada inayotangulia ya mageuko katika Kidato cha Nne ni jenetiki, ambayo huanza na Gregor Mendel. Huyo alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, aliyepanda njegere katika bustani ya makao yao na kuyachapisha matokeo yake mwaka 1866. Naye Georges Lemaître, aliyetoa mwaka 1927 hoja kwamba ulimwengu unapanuka, alikuwa padri wa Ubelgiji. Zaidi ya hayo, Lemaître hakupenda nadharia yake itumiwe kuthibitisha uumbaji wa Mungu. Aliona kwamba hesabu zake ziko wazi kusahihishwa kesho, na imani haifai kufungwa kwenye mti unaoweza kukatwa.

Waislamu nao wana mfano wao wa kila mwaka. Elimu ya falaki huweza kukokotoa saa na dakika ya kuzaliwa kwa mwezi mpya. Licha ya hayo, kuanza kwa mfungo wa Ramadhani humu nchini hungojea tangazo la Kadhi Mkuu kwamba mwezi umeonekana. Hakuna anayebisha jinsi mwezi unavyoizunguka dunia. Mjadala wenyewe ni juu ya namna ya kuitimiza ibada, na hilo ni suala la fiqhi ambalo darubini haiwezi kulikata.

Mtaalamu wa Marekani, Stephen Jay Gould, alipendekeza mwaka 1997 kwamba dini na sayansi zigawane kazi: sayansi ieleze jinsi mambo yalivyo, dini ieleze thamani na maana yake, na kila moja ibaki katika shamba lake. Ni pendekezo la busara, na kwa suala la mifupa ya Nariokotome latosha. Tatizo ni kwamba mashamba hayo mawili yana mpaka unaopita katikati ya kitanda cha mgonjwa. Mtoto akishikwa na homa kali usiku, mzazi hawezi kuigawa homa ile kuwa nusu ya mchungaji na nusu ya muuguzi. Ni lazima aamue aende wapi kwanza.

Hapo ndipo mizozo yenye hatari hutokea, na mfano wa kukumbukwa zaidi ni wa chanjo ya pepopunda. Kati ya mwaka 2013 na 2014, Wizara ya Afya iliendesha kampeni ya kuwachanja wanawake wa umri wa kuzaa, yaani kati ya miaka 14 na 49, ili kuwakinga watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo. Mwishoni mwa 2014, maaskofu wa Katoliki walitangaza kwamba sampuli walizopeleka kupimwa zilikuwa na homoni inayohusiana na ujauzito, na kwamba chanjo ingeweza kuwafanya wanawake wasizae. Serikali ilikana. Shirika la Afya Duniani, WHO, na lile la watoto, UNICEF, yalishikilia kuwa chanjo hiyo ni salama, na wataalamu wakasema vipimo vya awali vilifanywa kwa mitambo ya kupimia damu na mkojo wa watu, isiyofaa kwa chanjo. Kamati ya pamoja iliundwa, lakini pande hizo hazikuyasoma matokeo kwa namna moja. Mwaka 2015 maaskofu walitoa wito mwingine, safari hii kuhusu chanjo ya polio.

Ni vyema kuutazama mkasa huo kwa macho ya mama aliyezoea kuhudumiwa katika hospitali ya misheni. Kanisa lililomjengea wodi ndilo lililomwonya dhidi ya sindano. Serikali iliyomwambia asiogope ndiyo iliyoanza kampeni bila kumweleza vya kutosha kwa nini wanawake pekee walengwe na kwa nini umri huo. Jibu lilikuwapo, nalo ni jepesi: kinga ya mama humfikia mtoto tumboni. Lakini jibu linalotolewa baada ya shutuma huonekana kama utetezi.

Madai ya maaskofu hayakuthibitishwa kwa njia iliyowaridhisha wanasayansi wa kimataifa, na mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tishio la afya ya umma. Hayo yanaonyesha ni upande upi uliokuwa na ushahidi. Hata hivyo, ombi la kwamba dawa ipimwe kabla ya kudungwa raia halikuwa la kijinga. Kosa lilikuwa katika kutangaza hukumu kutoka katika kipimo ambacho chenyewe hakijapimwa.

Janga la Covid-19 lilileta sura tofauti. Maabadi yalifungwa Machi 2020, na mnamo Juni Serikali ikaunda baraza la viongozi wa dini mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria ili liandae kanuni za kuyafungua. Mwezi uliofuata, ibada zilianza tena kwa waumini wasiozidi 100, kwa muda usiozidi saa moja. Masharti hayo yaliwaudhi wengi, lakini yalitangazwa na viongozi wao wenyewe baada ya kushauriana na wataalamu.

Chanjo ya AstraZeneca ilipowasili Machi 2021, jambo lisilotarajiwa lilitokea. Maaskofu wa Katoliki waliiunga mkono. Aliyeipinga alikuwa daktari. Dkt Stephen Karanja, mwenyekiti wa Chama cha Madaktari Wakatoliki ambaye pia alikuwa mstari wa mbele katika mzozo wa pepopunda, aliwahimiza watu waikatae na akapendekeza kujifukiza mvuke. Maaskofu walijitenga na msimamo wake. Aprili 29, 2021, Dkt Karanja alifariki kutokana na ugonjwa huo huo.

Kifo hicho si cha kuchekewa na yeyote. Kinachodhihirika ni kwamba mstari unaowatenga watu haupiti kati ya kanzu ya padri na koti jeupe la daktari. Mwaka 2014 maaskofu na daktari huyo walikuwa upande mmoja. Mwaka 2021 maaskofu walikubali ushahidi uliopo, naye akabaki alipokuwa.

Kaunti ya Bungoma yenyewe imeshuhudia pia namna bora ya kufanya kazi hiyo. Ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za ukanda wa Ziwa na Magharibi zilizoteuliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliyazindua Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay. Maswali magumu yaliulizwa, na safari hii hayakutoka mimbarini. Yalitoka kwa wanasayansi wenyewe, waliolalamika mwaka 2020 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kwamba wazazi hawakuwa wakiombwa idhini kwa njia inayofaa, na kwamba majaribio ya awali yalikuwa na dalili zilizohitaji kuchunguzwa, mathalani visa vya uti wa mgongo.

Majaribio yaliendelea huku takwimu zikikusanywa. Matokeo hayakuonyesha kwamba chanjo ilisababisha madhara hayo. Oktoba 2021 WHO ilipendekeza itumike, na miaka miwili baadaye ikaripoti kwamba vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 katika maeneo husika ya Ghana, Kenya na Malawi. Mzazi wa Misikhu anayempeleka mtoto kupata dozi zake nne anapokea kitu ambacho kilishukiwa waziwazi, kikapimwa, kikapita. Anaweza kumshukuru Mungu kwa hilo bila kukosea hesabu.

Upande wa pili wa mizani uko Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo, ambako wafuasi wa kanisa la Good News International wanasemekana kufunga hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka. Alikuwa akijulikana kwa kuhubiri dhidi ya shule na hospitali.

Si sadfa kwamba taasisi hizo mbili ndizo zilizolengwa. Mwalimu na muuguzi ni watu ambao muumini angeweza kuwauliza iwapo anayoambiwa ni kweli. Kwa anayetaka kuwatawala watu bila kuulizwa, hao ndio wa kuondolewa kwanza. Waliopotea Shakahola walikatiwa njia zote za kupata maoni ya pili, na jambo hilo ni tofauti kabisa na kuwa na imani nyingi mno. Mamilioni ya Wakenya hufunga, husali na huamini miujiza, kisha huenda hospitalini wakiugua.

Kuna watakaopinga kwamba kuitaka dini ikubali kuulizwa ni kuidhalilisha, kwa kuwa mambo ya Mungu hayapimwi kwa mizani ya maabara. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Ufufuo, neema na maisha ya baadaye havina mtambo wa kuvipima, na mwanasayansi anayedai kuvikanusha kwa vifaa vyake amevuka mpaka wa taaluma yake. Lakini mhubiri anaposema kwamba maji fulani yanatibu Ukimwi, au kwamba sindano fulani inazuia uzazi, ameingia mwenyewe katika uwanja wa vipimo. Hawezi tena kurudi madhabahuni kujificha.

Vilevile, ofisa wa afya anayewatangazia wanakijiji kwamba jambo ni la kisayansi na hivyo hawana haja ya kuelezwa, ameiacha sayansi na kuwa kuhani wa aina nyingine. Masinde angemtambua mara moja.

Kwa hivyo, kupatana kunawezekana, na kwa gharama isiyo kubwa. Walimu wa Biolojia na wa dini katika shule zinazofadhiliwa na makanisa wangeweza kuifunza mada ya asili ya binadamu wakiwa pamoja darasani, badala ya kumwachia mwanafunzi aunganishe peke yake. Wizara ya Afya ingefaa kuwaita viongozi wa dini kabla ya kampeni kuanza na kuwaonyesha takwimu zote, zikiwemo zisizopendeza. Hospitali za misheni, ambazo huaminiwa na pande zote mbili, zina nafasi ya pekee ya kuwa mahali ambapo mama anaweza kuuliza swali lolote pasi na kukemewa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mgonjwa anayeona haya mbele ya mganga, lakini inawafaa pia mganga na mchungaji. Asiyekubali kutazamwa hawezi kusaidiwa, na hapaswi kuachiwa maisha ya wengine mikononi mwake.